TAHADHARI: Wauza "kifurushi cha meno" cha Uturuki na India waliokuwa Nakuru sasa wako Kisumu

Kama umetumiwa tangazo lenye picha ya midomo miwili, mmoja wenye meno ya kahawia na mwingine meupe, na chini yake "Meno 20, ndege, hoteli na teksi, Sh185,000 tu, lipa pole pole", usitume hata shilingi moja kabla hujasoma hapa. Wakala mwenyewe alikuwa na ofisi Nakuru mjini, ghorofa ya juu ya jengo la vibanda vya simu. Ofisi imefungwa, nambari zake zote ni mteja, hazipatikani, na tangazo lilelile limeanza kuzunguka kwenye vikundi vya WhatsApp vya Kondele na Nyalenda kwa jina jipya. Sitaandika majina anayotumia kwa sababu anayabadilisha kila mara, na mojawapo linafanana sana na la kliniki halali ambayo haihusiki kabisa.

Mimi nina saiba, duka la intaneti, hapa Nakuru mjini. Watu huja kuchapisha tiketi, kujaza fomu za viza, kuhangaika na eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali. Ndivyo nilivyoanza kuona karatasi za huyu jamaa. Wa kwanza alikuwa mwalimu kutoka Njoro aliyetaka nimchapie tiketi yake kwa rangi ili akawaonyeshe wazazi wake. Wakafuata wengine, binamu yangu akiwa mmoja wao, na karatasi zao zote zilikuwa na makosa yaleyale ya tahajia, hata jina la hospitali limekosewa herufi ileile.

Mkora huyu hakuja Nakuru kwa bahati. Maji ya visima vingi vya huku, kuanzia Njoro hadi Gilgil na Naivasha, yana floridi nyingi, madini yanayotoka kwenye miamba ya volkano ya Bonde la Ufa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vyetu vinapita hapo. Mtoto akiyanywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani bado yanajiunda ndani ya ufizi, yaani kabla ya miaka 8 hivi, meno yatatoka na madoa. Kuchemsha hakusaidii; maji yanapungua, floridi inabaki ndani ya sufuria ikiwa imekolea zaidi. Ndiyo maana Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru ilianza kutengeneza vichujio vya makaa ya mifupa. Lakini kichujio hakimsaidii aliyekwisha kuota meno ya kahawia. Huyo sasa ndiye mteja anayewindwa: kijana anayeziba mdomo akicheka, aliyewahi kuulizwa na mtu wa Nairobi kama kwao hakuna mswaki. Nimekulia Njoro, sihitaji kuhadithiwa.

Na hapa ndipo tangazo linanyamaza. Meno yenye madoa ya floridi mara nyingi si mabovu. Doa liko kwenye enameli, tabaka la nje. Daktari wa meno anaweza kuanza kwa kukwangua sehemu nyembamba sana ya juu kwa dawa maalumu, au kung'arisha, au kufanya yote mawili. Madoa mazito au yenye vishimo ndiyo yanayofunikwa kwa resini, ule ujazo wa rangi ya jino, au kwa vinia, vile vigamba vyembamba vya kauri vinavyobandikwa mbele ya jino. Hayo "meno ya Uturuki" mnayoyaona TikTok mara nyingi si vinia. Ni kofia kamili: jino linasagwa pande zote hadi libaki kigingi, kisha linavikwa kauri. Enameli ikishasagwa hairudi. Jino hilo litahitaji kofia maisha yote, na nyingi hubadilishwa baada ya miaka 10 hadi 15. Mtu wa miaka 25 apige hesabu atazibadilisha mara ngapi kabla hajazeeka, na kwa pesa za nani. Wakala hajawahi kumwambia mteja hata mmoja jambo hili. Kwa nini amwambie? Yeye anauza meno 20, si 4.

Malipo yanaanza kidogo. Sh3,500 za kufungua faili. Ukishatuma unaingizwa kwenye kikundi cha "wagonjwa" wanaoshukuru mchana na usiku, wengine wakituma sauti kutoka "hotelini Istanbul". Moja nimeisikiliza mwenyewe. Nyuma ya huyo mama anayemsifu daktari unamsikia kondakta akiita watu wa Gilgil. Baada ya faili inakuja arbuni ya Sh40,000, halafu pesa ya barua ya mwaliko, halafu bima ya safari. Kila malipo yanaenda kwa nambari ya mtu binafsi, na kila mara jina linalotokea kwenye M-Pesa ni jingine. Binamu yangu alipouliza, akajibiwa: "Dadangu, huyo ni mhasibu wetu. Till yetu iko na shida ya mtandao." Till, yaani nambari ya M-Pesa ya biashara, ilikuwa na shida ya mtandao kuanzia Januari hadi ofisi ikafungwa.

Ukidai urudishiwe, unaonyeshwa mstari mdogo chini ya fomu: arbuni hairudishwi. Ukiuliza mbele ya wenzako kikundini, unaondolewa. Binamu yangu alifikisha Sh62,000, nyingi zikiwa mkopo wa chama, na wenzake wa chama bado wanamdai.

Sasa hiyo bei yenyewe. Toa nauli ya kwenda na kurudi kutoka Nairobi, toa viza, toa hoteli ya wiki nzima, toa faida ya wakala. Kinachobaki ukikigawa kwa meno 20 hakilipi hata kazi ya maabara ya kofia za kauri. Ni kweli Uturuki na India hutoza bei nafuu kuliko Uingereza au Marekani, na hiyo ndiyo sababu Waingereza wamejaa huko. Lakini unafuu huo unapimwa kwa mifuko ya London. Kwa mtu wa Nakuru mwenye madoa kwenye meno sita ya mbele, nauli pekee inaweza kuzidi gharama ya kutibiwa hapa nyumbani.

Tiketi ndiyo karatasi inayowanasa wengi, kwa hiyo nieleze kwa kirefu kidogo. Anachowatumia ni nafasi iliyoshikwa, haijalipiwa. Shirika la ndege hukubali kushika nafasi kwa muda mfupi, na hutoa msimbo wa herufi na tarakimu, jumla sita. Ukiingiza msimbo huo kwenye tovuti ya shirika siku hiyohiyo, jina lako linatokea kweli, unafurahi, unatuma pesa iliyosalia. Muda ukipita bila malipo, nafasi inajifuta. Tiketi iliyolipiwa ina kitu kingine: nambari ya tarakimu 13. Ya Kenya Airways huanza na 706, ya Turkish Airlines huanza na 235. Kati ya karatasi zote za wakala huyu zilizopita mikononi mwangu, sikuona hata moja yenye nambari hiyo. Ukiwa na shaka, pigia shirika lenyewe na uulize neno moja tu: imelipiwa au haijalipiwa?

Barua ya mwaliko wa hospitali, zile nilizoziona zilitoka kwenye barua pepe za bure, za aina ambayo mimi na wewe tunajifungulia kwa dakika mbili. India ina viza ya matibabu ya mtandaoni, na barua ya hospitali ya huko ni sehemu ya maombi, lakini tovuti rasmi ya viza huishia na gov.in. Wakala aliwapeleka watu kwenye tovuti nyingine kabisa. Halafu kuna chanjo. India inadai cheti cha homa ya manjano kwa anayetoka Kenya, na cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya kuchanjwa. Watu walikuwa wameahidiwa kuruka Jumatatu inayofuata na hakuna aliyewahi kuulizwa kama amechanjwa! Anayepeleka wagonjwa India kwa kweli hawezi kusahau hilo, maana bila cheti unaweza kuwekwa karantini ukifika.

Kuna uongo wa SHA pia, ile bima ya afya ya serikali, kwamba "itarejesha nusu ukirudi". Matibabu ya nje kupitia SHA ni ya huduma ambazo hazipatikani nchini, na kibali hutafutwa kabla ya kusafiri. Kofia za meno zinapatikana hapa.

Kisumu, nasikia mtindo umebadilika: kuna "daktari kutoka Istanbul" atakayepima watu kwenye ukumbi wa hoteli, Sh5,000 kwa kichwa. Daktari wa kigeni hawezi kushika mdomo wa mtu Kenya bila leseni ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC. Baraza lina orodha mtandaoni ambapo unaweza kumtafuta daktari kwa jina, pamoja na kituo anachofanyia kazi. Mwulize mwenye ukumbi jina kamili la daktari huyo kisha ulitafute. Ikiwa hata yeye hajapewa jina, jibu umelipata.

Nisiseme kila kitu ni hewa. Mama mmoja kutoka upande wa Kakamega, niliyekutana naye tulipokwenda kuandikisha malalamiko, alifika India kweli, kupitia wakala huyuhuyu. Alikuwa ameng'olewa meno ya nyuma akataka ya kupandikizwa, yale yanayofungwa kwa skrubu kwenye mfupa. Aliahidiwa kumaliza kwa siku saba. Daktari wa kule, mtu mwungwana kwa maelezo yake, alimwambia skrubu huhitaji miezi mitatu hadi sita kushikana na mfupa kabla jino halijawekwa juu, kwa hiyo ni lazima arudi. Akamwonyesha pia kwamba kliniki ilikuwa imepokea pesa za kumwona na kupiga eksirei peke yake. Mama akarudi Kakamega na pengo lake. Kliniki haikumdhulumu, na ndiyo maana sipendi mtu anaposema "Wahindi walimla pesa".

Mwenye nia ya kwenda nje bado, aende, ila kwa njia nyingine. Anza kwa daktari wa meno wa hapa, hata kama ni kwa ushauri na eksirei pekee. Hospitali za rufaa za Nakuru na Kisumu zina idara ya meno, na Eldoret kuna shule ya udaktari wa meno ya Chuo Kikuu cha Moi. Kisha iandikie kliniki ya nje wewe mwenyewe, uitumie picha ya eksirei, uombe mpango wa matibabu kwa maandishi. Mpango wa kweli hutaja kila jino kwa nambari: 11 na 21 ni yale mawili ya mbele juu, 36 ni gego la chini kushoto. Anayekuandikia "meno 20" bila nambari hajatazama mdomo wako. Kwa Uturuki, uliza cheti cha idhini ya utalii wa tiba kinachotolewa na Wizara ya Afya yao. Lipa kwenye akaunti ya kliniki yenyewe, na sehemu kubwa ulipe baada ya kukaguliwa huko. Tenga pesa ya safari ya pili. Na usirudi bila rekodi ya aina na saizi ya skrubu uliyowekewa, maana ikilegea ukiwa Nakuru, daktari wa hapa atahitaji kifaa kinacholingana na kampuni ileile.

Kwa aliyekwisha kutuma pesa: kama ni sasa hivi, peleka ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 kuomba urejeshwe kabla hazijatolewa. Kama ni zamani, chukua taarifa ya M-Pesa, fomu yake, picha za skrini na zile sauti, uende kituo cha polisi upewe nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio. DCI, wapelelezi wa jinai, wana laini ya bure, 0800 722 203. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000 na si lazima uwe na wakili, lakini ni lazima ujue unamshtaki nani, ndiyo maana yale majina tofauti ya M-Pesa ni mali. Usiyafute. Tena jihadhari: wiki iliyopita wawili waliotapeliwa walipigiwa na "afisa" anayeahidi kurudisha pesa zao kwa ada ya Sh6,000. Alijua hata kiasi walichotuma. Nani mwingine angejua hilo kama si yuleyule?

Walio Kisumu, Busia, Kakamega na Bungoma wenye fomu yenye muhuri wa buluu wa umbo la jino, niandikieni kwa faragha. Nitawapa nambari ya OB ya Nakuru mwitaje mnapoandikisha yenu, ili malalamiko yashughulikiwe kama kesi moja. Na mwenye picha ya bango la huo ukumbi wa hoteli, lenye tarehe, ailete leo.