Nani kamwambia anipinde shingo? Ostiopathi, kipandauso na mimi

Nimengoja hasira ipungue ndipo niandike. Haikupungua, basi naandika nayo hivyo hivyo.

Mie ni fundi cherehani, Michenzani, hapa Unguja. Kipandauso ninacho tangu nilipomzaa mwanangu wa kwanza, na huyo sasa yuko skuli ya sekondari. Anayekijua hahitaji kuelezwa. Kwanza maluweluwe, vitu vinametameta pembeni mwa jicho na kukunjana kama pindo lililoshonwa vibaya. Halafu nusu ya kichwa inagonga, roho inachafuka, hutaki taa, hutaki harufu, hutaki hata mtoto akuite. Nimefungwa karafuu zilizotwangwa, nimeumikwa, nimekunywa kombe. Panadol ndiyo usiseme.

Mteja wangu mmoja ndiye aliyenieleza kuwa upande wa Kusini kuna mama wa Kiingereza anayetibu kwa mikono, tiba yenyewe inaitwa ostiopathi. Nikaenda, mwaka jana, kusi ilikuwa imeshaanza kuvuma. Nilidhani nitakandwa tu kama tunavyokandana majumbani. Haikuwa hivyo. Karibu saa nzima hakunigusa, kazi yake kuniuliza. Kinauma upande gani? Kiliwahi kukujia ghafla kwa nguvu usiyowahi kuiona? Mkono unakufa ganzi? Unapata homa, shingo inakakamaa? Akanipima na presha. Mwisho akaniambia, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, kuwa ninaumwa vichwa viwili, si kimoja: kipandauso chenyewe, na kichwa kinachotoka shingoni kwa kuinamia cherehani mchana kutwa. Mishipa ya fahamu ya shingo ya juu na ile ya uso, alisema, inakutana mahali pamoja, pale ubongo unaposhukia kwenye uti wa mgongo, ndiyo maana shingo ikiudhika maumivu unayasikia kwenye jicho. Mie nikaelewa mara moja: nyuzi mbili tundu moja la sindano, ukivuta huu na ule unatikisika.

Akaniambia niandike kila siku ninayoumwa na kila siku ninayomeza dawa. Nikawa naandika nyuma ya daftari langu la vipimo. Mwezi ulipokwisha tukahesabu: Panadol siku 19. Nilijificha uso. Akanieleza kuwa dawa kama hizo ukizimeza siku 15 au zaidi kwa mwezi, miezi ikifuatana, zenyewe zinageuka kuleta maumivu ya kichwa. Akanituma kwa daktari hospitali nisaidiwe kuzipunguza. Hakuniambia hata siku moja kuwa atakiondoa kipandauso. Alisema wazi kuwa utafiti uliopo juu ya kipandauso ni mdogo, yeye anashughulika na shingo, yatakayofuata ni ya Mungu.

Na mikono yake! Anaweka vidole chini ya fuvu, pale kisogo kinapokutana na shingo, anatulia, anangoja nyama ilegee yenyewe. Kila anapotaka kuhamisha mkono anauliza, "Niendelee, mama?" Akinishika hunihadithia. Tiba hii aliianzisha Andrew Taylor Still, daktari wa Marekani, mwaka 1874, mtu aliyezika watoto wake watatu kwa homa ya uti wa mgongo, dawa za zama zile zikashindwa. Lakini kisa nilichokipenda ni cha utotoni mwake. Alikuwa wa miaka kama kumi, kichwa kinamuuma, akafunga kamba ya jembe la baba yake baina ya miti miwili, akaishusha karibu na ardhi, akatandika blanketi juu yake, akalaza shingo. Akalala usingizi, kuamka kichwa kimepoa. Kisa hicho nimewahadithia wateja wangu mpaka wamechoka.

Kile cha shingoni kilipungua, siwezi kukataa. Kipandauso nacho, kutoka kila wiki kikawa mara mbili kwa mwezi, mwezi mwengine mara moja. Ni mikono yake, au ni Panadol nilizoziacha, au ni kile kiti alichonambia nikibadilishe? Sijui, na sikujali. Nilikuwa nashona bila ya kufunga kichwa kitambaa.

Halafu akasafiri kwao. Pale pahala wakaniambia yupo mwenziwe, kijana, ujuzi ule ule.

Siku niliyokwenda ilikuwa karibu na Idi. Makanzu yamejaa chumba kizima, usiku nimelala kwa muda wa saa tatu tu, nimeamka na maluweluwe. Ningebaki nyumbani, ila pesa nilikuwa nimeshalipa, na pesa yenyewe ni mshono wa magauni mawili. Nikapanda daladala hivyo hivyo, mtandio nimejifunika macho.

Nimeingia, chumba kizima udi. Udi naupenda, lakini siku ya kipandauso ni kama kunitia moto puani. Taa nyeupe inanikodolea. Nikamwomba aizime. "Bila ya taa sioni kazi." Sawa. Nikamwambia leo kichwa kimenipanda. Hakuniuliza lolote, si upande gani, si tangu lini. Nikalala. Akashika kidevu mkono mmoja, kisogo mkono wa pili, nikadhani ananyoosha kidogo kidogo kama mwenziwe. Ghafla, ka! Kaipinda shingo yangu kama mtu anayevunja muwa.

Nilipiga ukelele. Yeye anacheka.

"Mbona umeshtuka, mama? Watu wanalipa kuusikia mlio huo."

Nikamwambia, "Mwanangu, mwenzio huniuliza kwanza."

"Sasa mama, umekuja kutibiwa au umekuja kunifundisha kazi?"

Maneno hayo. Mie mtu mzima, naweza kumzaa. Nimetoka nje nikatapika chini ya mnazi, na msichana wa mapokezi anakuja mbio, si na maji, na buku la miadi: anataka kujua anipangie tena lini.

Siku mbili nikawa nasikia kizunguzungu. Nikaenda hospitali, daktari akanitazama macho, akanitembeza, akanipima nguvu za mikono. Alhamdulillahi, salama. Ndipo aliponieleza kuwa kuipinda shingo kwa ghafla kunaweza, kwa nadra sana, kuchana mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo, mtu akapata kiharusi. Nadra, kasisitiza hivyo, na ndiyo sababu mgonjwa huulizwa, huelezwa, na anayo haki ya kukataa. Nadra! Na mie nina watoto wanne. Yule mama aliwahi kunambia kuwa kwao Uingereza kazi hii ina sheria yake tangu 1993 na jina hilo hapewi ila aliyesajiliwa. Huyu kijana kasajiliwa wapi? Sikuuliza, na kosa la kutouliza nalibeba. Nyinyi ulizeni mlangoni, kabla hamjavua viatu.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema msiende, tiba yenyewe si chochote, ni kuuziwa mlio wa mifupa. Nimeandika hivyo, nimefuta. Maana usiku huu nimefungua daftari la vipimo, nimehesabu Panadol za mwezi uliopita: siku 5. Nitasemaje si chochote? Shingo iliyoharibiwa na mtu mmoja ndiyo hiyo hiyo iliyotengenezwa na mwengine, kitanda kile kile, chumba kile kile. Basi siwezi kuwaambia nendeni, siwezi kuwaambia msiende. Nawaambia yule mama ni mtu wa kumshukuru, na yule kijana hata nikizirai asinisogelee.

Jana nimepiga simu kuuliza kama amerudi. Msichana kanijibu bado, lakini kijana yupo kila siku, nije tu. Nimekata simu.