Kabla ukoo haujajaa sebuleni: michezo ya kununua Mwanza, kuanzia ulio bora

Mwezi wa 12 nyumba yetu ya Nyegezi hugeuka stendi. Shangazi anavuka kutoka Ukerewe na ndoo ya sato, mjomba anashuka kwenye meli ya Bukoba na mikungu yake ya ndizi, shemeji wa Dar anafika na watoto wanaouliza nywila ya intaneti kabla ya kutoa shikamoo. Kazi ya kutafuta kitu cha kuwaweka watu hawa pamoja baada ya chakula ni yangu, na nimeifanya miaka ya kutosha kujua pesa inapopotelea.

Nilianza vibaya. Niliwahi kununua boksi la bei mbaya lililoandikwa kuwa ni la "watu wazima", kadi za maswali na vituko. Zote za Kiingereza, nusu yake za pombe, nusu yake za chumbani. Kadi ya kwanza niliichomoa mbele ya baba mkwe, nikaisoma kimyakimya, nikairudisha ilikotoka, nikauliza nani anaongezewa chai. Kwa hiyo kama unafikiria maboksi ya aina hiyo, soma kadi zote ukiwa peke yako kwanza. Kwa marafiki wa rika moja sawa, ila sebule yenye mkwe haiyahitaji.

Siku hizi siangalii boksi, naangalia watu wawili: bibi, ambaye macho yamechoka, na mtoto wa wifi yangu mwenye miaka saba. Mchezo wakiuweza hao, wengine wote wanauweza. Halafu najiuliza, aliyetolewa atakaa pembeni muda gani? Mtu akikaa nje nusu saa anarudi kwenye simu, na akishazama humo humpati tena. Mwisho yapo mambo ya huku kwetu: umeme ukikatika tunaendelea au tunalala, na tukihamia ufukweni, upepo wa ziwa utatuachia kitu mezani?

Kwa vipimo hivyo, mpangilio wangu ni huu.

Ya kwanza: karata, tena pakiti mbili

Usinunue moja. Pakiti ina kadi 52 ukiacha jokeri. Mkiwa wanane, kila mmoja akagawiwa tano, zimeondoka 40, na zile 12 za kulamba, yaani za kuokota, zinakwisha kabla lasti kadi, ule mchezo wa kuwahi kumaliza kadi za mkononi, haijachangamka. Chukua pakiti mbili zenye migongo inayofanana, uzichanganye ziwe 104, hata watu kumi mnakaa. Pale sokoni Makoroboi pakiti mbili hazifiki bei ya kilo moja ya nyama, na ukibisha kidogo zinashuka zaidi.

Kuna za karatasi ngumu na kuna za plastiki. Za karatasi ni rahisi, lakini vidole vilivyotoka kuchambua samaki huziua jioni moja. Omba za plastiki, mwambie muuzaji afungue, ukunje kadi moja kidogo. Nzuri inarudi ilivyokuwa, mbovu inabaki na mkunjo, na kadi yenye mkunjo ni kadi ambayo mjomba ataitambua hata ikiwa imelala kifudifudi.

Kinachoiweka karata juu ni kwamba huwezi kuimaliza. Usiku ni lasti kadi ya watu kumi, asubuhi wazee wanne wanachukua zilezile na kucheza za turufu, mchana watoto wanalinganisha kubwa na ndogo. Kandili moja inatosha. Nimewahi kucheza usiku mzima kwenye meli, Mwanza mpaka Kemondo, na watu nisiowajua, na tulipofika tulikuwa tunaitana majina ya utani. Lugha yenyewe imekula humo: anayesema fulani "kalamba dume" au "kalamba garasa" huenda hajashika karata maisha yake yote, lakini maneno yametoka mezani hapo.

Ina kasoro mbili. Lasti kadi kila mtaa una katiba yake, na wa Dar na wa Bukoba walishabishana kwetu hadi uji ukapoa, eti mtu anaruhusiwa kumalizia kwa kadi ya kulambisha au haruhusiwi. Kubalianeni kabla ya kugawa. Kasoro ya pili ni kwamba wapo wazee ambao wakiona karata wanaona kamari. Baba mkubwa alizipiga marufuku sebuleni mpaka aliposhuhudia mwenyewe kuwa hakuna hata shilingi mezani, na kwamba anayeshindwa anaosha vyombo. Sasa yeye ndiye anayeziulizia.

Ufukweni alasiri ziache nyumbani. Upepo ukianza kuvuma utakuwa unaokota kopa na shupaza kwenye matete.

Ya pili: Jenga, lakini ya kuchongesha

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu huu mnara wa vipande vya mbao ni mchezo ambao mtu wa Mwanza hana haja ya kuununua ndani ya boksi.

Jina ni letu kabisa. Leslie Scott, Mwingereza aliyekulia Afrika Mashariki, ndiye aliyeuingiza sokoni, akauonyesha kwenye maonyesho ya vitu vya kuchezea London mwaka 1983 na kuuita kwa neno la Kiswahili. Nyumbani kwao walikuwa wanacheza kwa vipande vilivyotoka kiwanda cha mbao cha Takoradi, Ghana. Yaani ulianzia kwenye mbao za Afrika, ukaenda Ulaya, ukarudi kwetu umefungwa nailoni kwa bei ya kushangaza. Kinachonichekesha ni kwamba jina linaamuru kujenga, na watu wanalipa ili waone mnara ukianguka.

Vipande ni 54, vinapangwa vitatu vitatu, ghorofa 18, kila ghorofa ikikatiza iliyo chini yake. Unachomoa kimoja chini, unakipandisha juu. Siri ya vipimo ni moja tu: urefu wa kipande uwe mara tatu ya upana wake, ili vitatu vikilala pamoja vifanye mraba. Nenda kwa fundi seremala yeyote, mwambie mbao ya moja kwa mbili, paini, iliyokauka, kila kipande inchi sita. Hesabu inakuja futi 27, kwa hiyo mbao tatu za futi 12 zinatosha na baki. Lakini pima mbao yenyewe kabla ya kukata! Inayoitwa inchi mbili ikishapigwa randa huwa haifiki mbili, na ukikata inchi sita kamili vipande havitakaa mraba. Pima upana halisi, zidisha kwa tatu, ndipo umpe fundi namba.

Paini inapatikana bila shida, hata Ukerewe kwenyewe kuna shamba la miti la Rubya. Mninga uache, ni mzito na ni dhambi kuukata vipande vya kuangusha. Mwambie fundi apige msasa vizuri pande zote, kona azivunje makali, na asipake vanishi. Kwenye joto letu vanishi inanata na mchezo unakufa. Usimlazimishe vipande vilingane kama tofali za kiwandani pia. Tofauti ndogo za unene ndizo zinazofanya kimoja kilegee na kingine kibane, na bila hizo hakuna cha kutafuta.

Seti hiyo kubwa inakuwa na uzito kama kilo tano, mnara unaanza na futi moja na nusu. Bibi anaweza, mtoto anaweza, hakuna cha kusoma, na asiyecheza anapiga kelele za kumtisha anayechomoa. Aliyeangusha haishii kukaa pembeni kwa sababu mchezo wenyewe umeisha, mnapanga upya. Wekeni chini kwenye mkeka, si juu ya meza ya kioo. Hilo nimejifunza kwa gharama.

Ya tatu: domino

Hii ndiyo ya ufukweni. Upepo hauna cha kuifanya, maji yakiirukia unafuta. Seti ya kawaida, ya mwisho sita kwa sita, ina vipande 28 na inawatosha wanne, saba kila mmoja. Ukiona seti ya mwisho tisa kwa tisa, hiyo ina 55 na inakaribisha watu zaidi, ichukue bila kufikiri. Kabla hujalipa mwaga zote, hesabu: kwenye seti ya 28 kila namba hutokea kwenye vipande saba. Chagua nzito, zenye vitobo vilivyochimbwa, maana za kuchapwa rangi hufutika na mtabaki mnapapasa. Kelele zake za kugonga meza ni nusu ya raha, lakini kama kuna kichanga kinalala chumba cha pili utasikia kwa wifi.

Ya nne: UNO

Watu watanishangaa kuiweka huku chini. UNO ilibuniwa mwaka 1971 na Merle Robbins, kinyozi wa Ohio, Marekani, na ukiitazama ni binamu wa lasti kadi aliyevaa rangi. Mnayemjua tayari mnamnunua mara ya pili. Inapanda hadi nafasi ya pili pale tu watoto wanapokuwa wengi, kwa sababu nyekundu, njano, kijani na bluu hazihitaji kufundishwa kama shupaza na uru.

Shida ni nakala bandia. Duka moja, jina nalihifadhi, liliniuzia boksi zuri sana lenye kadi 97. Tuligundua usiku wa Krismasi, bluu zilipokuwa hazimfikii mtu. Seti ya kawaida ni kadi 108, yaani 25 kwa kila rangi na nane za kubadilisha rangi. Matoleo mapya mengine yana 112, soma ubavuni mwa boksi. Hesabu palepale dukani hata kama muuzaji ananuna, na uzitazame kwenye mwanga hafifu: bandia nyingi njano na nyekundu zake zinakaribiana, na kwa taa ya sola hutazitofautisha.

Zinazofuata, harakaharaka

Ludo yenye nyoka na ngazi mgongoni ni bei ya soda chache, inunue kwa ajili ya watoto wala usiitegemee kwa watu wazima. Kusubiri sita ili utoke nyumbani kunachosha, na wanaocheza ni wanne tu. Kete zikipotea, punje za mahindi na maharage zinafanya kazi ileile. Dadu usilipoteze.

Keram, ule ubao wa kusukumia kete kwenye mashimo ya kona, ni nzuri mno, ila hiyo ni samani. Ubao wake ni mkubwa, bei yake inakaribia ya mbuzi, na ukiuegemeza ukutani kipindi cha mvua unapinda na kete zote zinakimbilia kona moja. Nunua kama una baraza lenye paa na vijana wanaokuja kila jioni. Kabla ya kulipa, weka kete katikati na uitazame: ikitembea yenyewe, ondoka.

Bao na drafti nimezitoa kwenye mashindano, na najua nitagombezwa. Bao lenye mashimo 32 na kete 64, ambalo Wasukuma wana ndugu yake wanayemwita isolo, ni mchezo wa akili kuliko vyote nilivyotaja. Lakini ni wa wawili. Wawili wanafikiri, kumi na wanane wanasinzia. Drafti usiinunue kabisa: kipande cha boksi, kalamu, vizibo 24 vya soda, kumi na viwili vimelala na kumi na viwili vimefunuliwa, babu na mjomba wametulia mpaka jioni.

Usizonunua

Scrabble ya Kiingereza, ule mchezo wa kuunda maneno kwa vipande vya herufi, kwa familia inayoongea Kiswahili ni mateso. Boksi lina K moja tu, na sisi bila K hatuwezi hata kusema kuku, wala kaka, wala kitu. E zipo 12, halafu umeshika Q na X ambazo kwetu hazina kazi. Kama mna wasomi wanaotaka kucheza kwa Kiingereza, haya. Vinginevyo chukua daftari, tajeni herufi, kila mmoja aandike mnyama, tunda, mji na jina. Bure kabisa.

Monopoly, ule mchezo wa kununua viwanja na kutozana kodi, sina ugomvi nayo, ina ugomvi na sisi. Mnacheza saa tatu nzima, watu watano wamefilisika wanaangalia televisheni, na ndugu wawili wanadaiana kodi ya nyumba za plastiki.

Cha nyongeza: kamba

Ukiwa na uwanja, pita kwenye maduka ya zana za uvuvi upande wa Kirumba, karibu na Mwaloni, ununue kamba nene ya kuvutana, mita 15 hivi. Unene usipungue wa dole gumba la mvuvi, kwa sababu nyembamba ya nailoni inachana viganja. Funga kitambaa chekundu katikati, chora mstari, na mkataze kila mtu kuizungusha mkononi au kiunoni, hata yule anayesema anajua. Mkeka wa Jenga uhamishwe mapema.

Mwaka jana upande wa wakwe walitushinda mara tatu mfululizo, na shangazi wa Ukerewe alikuwa anavuta upande wao.