Siku tatu ofisini, mbili nyumbani: ratiba mseto ikipimwa kwa hali ya Dodoma

Ratiba mseto zinazopatikana Dodoma ni za aina tatu. Ya kwanza ni siku tatu ofisini na mbili nyumbani, na siku hizo ni zilezile kwa timu nzima. Ya pili humwachia kila mtu ajichagulie siku, mradi atimize idadi. Ya tatu ni ya ofisi ambazo makao makuu yamebaki Dar es Salaam: mfanyakazi anakaa huku na kwenda kule kila baada ya wiki mbili au tatu.

Tuanze na ya pili, maana ndiyo inayopendwa na ndiyo mbovu. Kila mtu akijichagulia, Jumanne watatu watakuwa ofisini na wanne nyumbani. Kikao kitafanyika kwa video hata hivyo, na wale watatu waliopanda daladala mpaka Mtumba, kwenye ofisi za serikali, watakaa meza moja, kila mmoja na spika zake masikioni, sauti zikigongana. Mwajiri analipa pango na umeme wa ofisi, kisha analipa bando za walioko nyumbani, na hapati faida ya upande wowote. Mgeni akija kuonana na afisa fulani, afisa hayupo. Baada ya muda mkuu wa kitengo anachoka, anaandika waraka wa kuwarudisha wote siku tano, na lawama zinaangukia kazi ya nyumbani wakati tatizo lilikuwa upangaji.

Ratiba ya siku maalumu haina shida hiyo, ila siku zichaguliwe kwa akili. Jumatatu na Ijumaa zikiwa zote za nyumbani, utawatafuta watu Ijumaa mchana utawakuta Singida, Iringa au Dar. Mpangilio unaodumu ni Jumatatu, Jumanne na Alhamisi ofisini, Jumatano na Ijumaa nyumbani. Vikao vyote vya timu viwekwe siku za ofisini. Jumatano ibaki ya kuandika ripoti na kufunga hesabu, bila kikao hata kimoja. Ijumaa ya nyumbani pia huwapa nafasi wanaokwenda swala ya mchana bila kukimbizana na saa.

Faida kubwa kwa Dodoma ni umbali. Mji wa Serikali wa Mtumba uko kilomita 17 hivi kutoka katikati ya jiji, na anayekaa Nkuhungu au Veyula lazima aunganishe magari. Siku mbili za nyumbani ni safari nne pungufu kila wiki. Kuna faida nyingine ambayo haiandikwi kwenye sera za ofisi: maji. Anayepata maji kwa mgao huhitaji mtu nyumbani siku ya zamu ili ajaze simtanki. Wa kwingine anaweza kucheka, aliyepanga nyumba Dodoma hacheki.

Sasa gharama. Kompyuta mpakato hula wati 50 hivi na feni 60. Kwa saa nane kwa siku ni kama uniti 0.9, na kwa siku tisa za nyumbani kwa mwezi ni uniti 8. Kwa mteja wa T1, kundi la bei ya kawaida ya umeme, ambaye elfu kumi humpa takriban uniti 28, hiyo haifiki shilingi 3,000. Aliye kwenye kundi la D1, la wanaotumia umeme kidogo kwa bei nafuu, ndiye awe macho, kwa sababu kundi hilo lina ukomo wa uniti 75 kwa mwezi. Aliyezoea kutumia 70 atavuka mstari kwa sababu ya kazi ya ofisi, na uniti za ziada zina bei ya juu zaidi. Fidia ya mwajiri isiishie kwenye bando, iguse na LUKU.

Umeme kukatika ndiko kunakoharibu siku nyingi kuliko mtandao wenyewe. Kompyuta ina betri yake, ruta haina. Kifaa cha kwanza kununua ni UPS ndogo ya ruta, yaani betri ya akiba inayoshika umeme ukikatika. Soma namba vizuri: iliyoandikwa mAh 10,000 imehesabiwa kwa volti 3.7, yaani ni Wh 37 (wati kwa saa). Ruta ya wati 10 itaendeshwa kama saa tatu ukitoa upotevu. Anayetumia faiba ana vifaa viwili, kile cha faiba chenyewe na ruta, na hapo muda hushuka chini ya saa mbili. Hakikisha volti zinalingana. Ruta ya volti 12 ukiichomeka kwenye tundu la volti 9 inaweza kuwaka taa na kujizima kila baada ya dakika chache, na watu wengi hudhani mtandao ndio mbovu.

Anayetaka kufanya kazi siku nzima gizani anahitaji inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani. Betri ya kawaida ya volti 12, Ah 100, ina Wh 1,200, lakini ya madini ya risasi (lead-acid) usiitoe zaidi ya nusu, ukiifyonza mpaka chini inakufa mapema. Kwa mzigo wa wati 120 utapata saa nne hadi tano. Ya lithiamu yenye ukubwa uleule hufika saa nane. Bei yake inauma, lakini haibadilishwi mara kwa mara.

Kwenye mtandao, usipime kasi ya kushusha peke yake. Kikao cha video kinahitaji Mbps 3 hivi za kupandisha, na laini nyingi hufeli hapo. Pima saa nne asubuhi na tena saa kumi jioni, sehemu utakayokaa, si mlangoni. Video ya ubora wa juu hula takriban GB 1 kwa saa. Ukizima kamera, sauti peke yake haizidi MB 60 hivi. Laini ya pili ya kampuni nyingine husaidia mnara ukizima. Haikusaidia sana 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu na intaneti ikazorota nchi nzima. Kwa hiyo majalada ya kazi ya wiki yawe na nakala kwenye kompyuta yenyewe.

Vumbi pia. Kuanzia Juni upepo wa Dodoma hauna huruma, na meza iliyo chini ya dirisha hujaza feni ya kompyuta mpaka ipige kelele na kupunguza kasi. Ipulizwe kila baada ya miezi mitatu.

Ratiba ya tatu, ya Dar na Dodoma, imepata uhai tangu treni ya SGR, reli mpya ya umeme, ianze safari za Dodoma Julai 2024. Nauli ya daraja la kawaida ilipangwa shilingi 31,000, na safari huchukua takriban saa nne, nusu ya muda wa basi au pungufu. Unaweza kuandika ukiwa njiani. Usipange kikao cha video, kwa sababu Kilosa kuna mahandaki manne, na milima yake haina habari na ajenda yako. Tiketi za Ijumaa jioni na Jumapili zikatwe mapema.

Shida yake iko kwenye karatasi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri aandike sehemu ya kazi na saa za kazi katika maelezo ya ajira, na yakibadilika ayarekebishe kwa maandishi baada ya kushauriana na mfanyakazi. Ofisi nyingi huanzisha ratiba mseto kwa ujumbe wa WhatsApp. Kisha linakuja swali la nauli: kwenda Dar ni safari ya kikazi yenye posho, au ni kwenda ofisini? Kama mkataba unataja Dar, anayeishi mtaa wa Kisasa hapa Dodoma hana pa kushika akidai posho. Kabla ya kukubali, andikisha mambo manne: kituo cha kazi, siku za nyumbani kwa majina yake, saa ambazo ni lazima upatikane, na nani analipa nauli na malazi. Saa hizo zibaki ndani ya ukomo wa 45 kwa wiki; kikao cha saa mbili usiku kinachoitwa cha dharura kila Jumatano kihesabiwe kuwa saa za ziada.