Veeam Agent ya bure kwenye seva ya duka, uzoefu wangu

Naangalia IT ya duka la jumla la spea za magari Kariakoo. Seva ni moja tu, Dell ya kusimama iko chini ya meza ya mhasibu, ndani kuna Windows Server na SQL Server Express 2019 (database ya bure ya Microsoft) inayobeba stoo, madeni ya wateja, mauzo, kila kitu. Bakapu tunatumia Veeam Agent ya Windows, ile ya bure, na naiongelea sasa kwa sababu imeshapita mtihani wenyewe, sio zile za mtu kaweka programu jana leo anagawa nyota tano.

Umeme ulikatika mchana, uliporudi ukaja na nguvu zake, UPS (betri ya akiba) ikalia mara moja ikanyamaza na seva haikuwaka tena. Ubao umeungua pamoja na kadi ya RAID, ile inayounganisha diski. Swali la kwanza la bosi: "Kwani diski si ziko mbili humo ndani?" Ziko mbili ndio mzee, ila zinaandika kitu kimoja, ukifuta invoisi huku na kule imefutika muda huohuo. RAID inakusaidia diski moja ikifa, basi.

Tukapata mashine ya mtumba, modeli nyingine kabisa. Nikachomeka flashi ya kurejeshea (Veeam inakutengenezea yenyewe), ikawaka fresh, nikafika sehemu ya kuchagua diski nakuta orodha tupu! Flashi ile inabeba draiva (programu za kutambua vifaa) za seva ya zamani, kadi ya RAID ya hii mpya haiijui. Bahati nzuri humohumo kuna sehemu ya kupakia draiva, nikaishusha kwa laptop kutoka tovuti ya mtengenezaji, nikaiweka kwenye flashi ya pili, diski zikatokea. Kazi ikaanza baada ya alasiri na isha ikapita ndo Windows ikawaka, yuza za makeshia zipo, printa zipo, mpaka ile picha ya bosi kaegemea Hiace ipo kwenye skrini.

Kilichopotea ni mauzo ya asubuhi ile, maana bakapu inakimbia saa nne usiku. Makeshia wakaingiza upya kwa mkono kutoka kwenye nakala za risiti za EFD (mashine ya risiti za kodi), walinuna ila stoo ikakubali.

Sasa upungufu wake. Toleo la bure linakupa job moja tu, yani kazi moja ya bakapu, na halishiki logi za SQL (rekodi za kila badiliko kwenye database), kwa hiyo huwezi kuliambia seva nzima iende kwenye diski ya USB usiku halafu database iende kwingine mchana. Express nayo haina SQL Agent ya kupanga ratiba. Tulichofanya baada ya lile tukio, skripti ya sqlcmd inayotoa bakapu ya database inaitwa na Task Scheduler ya Windows kila baada ya saa mbili, 7-Zip inabana faili kwa sababu Express haibani bakapu yenyewe, rclone, programu ya kuhamisha mafaili, inalipeleka Backblaze B2, hifadhi ya klaudi. Pale GB 10 za kwanza ni bure, ukizidi unalipa kila mwezi kwa ukubwa wa data, na sisi database yetu ikibanwa ni ndogo sana.

Kupeleka seva nzima klaudi sahau kwa intaneti zetu hizi. GB 400 kwa spidi ya kupandisha ya Mbps 10 ni kama saa 89, yani karibu siku nne, hapo mtandao usikatike hata dakika.

Diski za USB tunazo mbili, moja inabaki dukani na nyingine mhasibu anaondoka nayo Jumamosi, kila moja ina bakapu yake inayojitegemea. Wanaosema hiyo ni kujisumbua wakumbuke soko kuu liliungua Julai 2021, na Novemba 2024 ghorofa likaporomoka palepale Kariakoo. Halafu weka tiki kwenye kile kisanduku cha kuiachia diski bakapu ikiisha, wale virusi wanaofunga mafaili na kudai hela wanafunga mpaka diski iliyochomekwa.

Kwa duka la seva moja naipa nne kwa tano. Ukiwa na mashine kadhaa angalia ndugu yake, Veeam Backup & Replication Community Edition, bure mpaka mashine 10, ila utafute na mashine ya kuiweka yenyewe.