Saa ya molekuli ama sampuli za zamani?

Hapa Nairobi bado utasikia watu wakisema ati ukimwi ulianza Marekani 1981, lakini huo ni mwaka madaktari waliutambua tu. Kujua virusi ni vya tangu lini kuna njia mbili.

Kuna sampuli zilizohifadhiwa. Damu iliyotolewa Kinshasa 1959 ilikuja kupatikana na HIV, na kipande cha tezi cha 1960 cha huko huko pia. Hiyo huwezi bisha. Shida ni inakuambia tu virusi vilikuwa vishafika, na nani alikuwa anaweka damu za watu vizuri miaka hiyo bana?

Halafu kuna saa ya molekuli, hii ndio mimi napenda. Wanasayansi Zuckerkandl na Pauling walianza hiyo stori 1962 wakilinganisha himoglobini (protini ya damu) ya viumbe tofauti, wakaona mabadiliko yake yanajilimbikiza kwa mwendo unaokaribiana, kwa hivyo ukihesabu tofauti unaweza rudi nyuma mpaka kwa babu mmoja. Sasa hizo sampuli mbili za Kinshasa zilikuwa zimetofautiana sana, ikimaanisha virusi vilikuwa vimezunguka muda mrefu, na 2008 watafiti wakapiga hesabu ya huyo babu wao, wakafika karibu 1908. Lakini cheki nafasi ya kukosea: 1884 hadi 1924, miaka 40 mzima!

Na saa yenyewe haiendi bila sampuli zenye tarehe za kuiseti, wale wanasema kompyuta inatosha wanajidanganya. Ukinipa bajeti ya maabara leo, kwanza nanunua friji, kompyuta baadaye.