Pauni 95 za ramani ambayo hakuiulizia

Nimesubiri hasira zipoe ndipo niandike. Hazijapoa.

Nina kijiduka Leicester, nakipangisha. Wakili wa mpangaji mpya, mama wa saluni, akadai cheti cha EPC, kile kinacholipa jengo daraja kwa matumizi yake ya nishati, na changu kilikuwa kimemaliza miaka yake 10. Kwa biashara hapa Uingereza, jengo likishuka chini ya daraja E hupangishi mpaka urekebishe au usajili msamaha, na faini inaweza kufika pauni 150,000. Kwa hiyo simu kwa wakaguzi unaipiga ukiwa umeshashikwa koo.

Nikaambiwa, "Kuanzia pauni 190." Hilo "kuanzia" ndilo lililonimaliza. Bei hizi serikali haizipangi. Kila mkaguzi ana yake: anatazama ukubwa wa jengo, mitambo ya joto na viyoyozi, umbali wa safari, na kama una ramani. Ukiwa nayo anahakiki vipimo tu, ukiwa huna anapima chumba kwa chumba. Haya, kazi ni kazi, sina ugomvi hapo.

Ankara ikaja: 190, chini yake "jengo halina ramani" 95, halafu VAT asilimia 20 ambayo kwenye simu hakuna aliyeitaja. Jumla 342.

Ramani ninayo! Ilikuwa kwenye droo ya kaunta, na bwana aliyekuja kukagua aliegemea kaunta hiyohiyo akiandika, kipimo chake cha leza mkononi. Hakuuliza. Nilipompigia akanijibu, "Ungesema mapema." Ningesemaje? Mimi nimeendesha mabasi miaka 20, nitajuaje kwamba karatasi iliyokunjwa ina thamani ya pauni 95?

Tena jengo likapata F. Juu ya dari niliweka sufu ya kuzuia baridi, risiti ninazo. Haionekani ukiwa chini, naye akajaza makadirio kwa kufuata umri wa jengo, kana kwamba hakuna kitu. Hilo nalo hakuuliza.

Niwe mkweli lakini, maana mke wangu atayasoma haya. Nilipopeleka risiti, binti mmoja wa ofisini kwao alirudia hesabu, cheti kikatoka E, hakunidai hata senti. Alinisikiliza bila kunikatiza, akaniita kwa jina. Na baadaye nilipoulizia kwingine, wawili walinitajia zaidi ya 342. Basi labda bei yenyewe si mbaya. Nyota tatu.

Ila zile 95 hawajazirudisha. Barua pepe mbili, jibu lilelile: "Tunalishughulikia." Nyota moja! Haya, mbili, na ya pili ni ya yule binti peke yake, bwana wa leza asiiguse.

Ramani nimemkabidhi mama wa saluni pamoja na funguo. Nimemwomba aibandike ukutani, kando ya kioo.