Simu ya Dubai niliyouziwa Mtwara: orijino kweli, waranti hewa

Simu ni orijino. Naanza na hilo nisije nikamdhulumu mtu, maana yaliyobaki yote yananiuma.

Niliinunua msimu wa korosho uliopita, malipo ya mnada yalipoingia, kwenye duka moja jirani na soko kuu. Yule kijana aliniita mamangu, akanivutia kiti. Akasema mzigo umetoka Dubai, haukupitia kwa wakala wa kampuni ya simu, ndiyo maana bei ni 640,000 wakati kwa wakala nilikuta 790,000. Nikauliza waranti. "Mwaka mzima, mamangu, ipo humo humo kwenye boksi."

Sikukurupuka. Nilibonyeza *#06#, nikatuma namba ya IMEI, ile inayoitambulisha simu, kwenda 15090, maana nakumbuka TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walivyozima simu feki Juni 2016, mdogo wangu akabaki ameshika plastiki. Jibu likaja na aina ile ile ya simu. Nikalipa kwa moyo mweupe.

Kumbe ule ujumbe unakwambia IMEI ile ni ya simu isiyo feki, basi. Imeingia nchini kwa mlango gani, na ikiharibika nani ataitengeneza, hayo haukwambii. Na dalili nilikuwa nazo mkononi! Boksi lina Kiarabu ubavuni, sili imeshakatwa. Alidai ameifungua ili aiwashe kwa laini ya huko kwanza, la sivyo ingezikataa laini zetu. Fundi aliniambia baadaye kwamba hilo ni kweli, simu za namna hiyo zipo. Lakini nyuma ya boksi palikuwa na mraba mdogo wa gundi, pale palipobanduliwa karatasi. Nilipitisha kidole, kikanata. Sikuuliza. Hadi leo nikilishika lile boksi, kidole kinakwenda pale pale.

Miezi mitatu minne hivi, kioo kikapiga mstari wa kijani kutoka juu hadi chini. Haikuanguka wala haikulowa. Nauza samaki Feri, wateja wananilipa kwa simu, siwezi kukaa hivi hivi. Nikampa kondakta wa basi, akaipeleka kwa shemeji yangu Dar, naye akaifikisha kwa mafundi wa kampuni. Wakaangalia namba wakamwambia simu iliuzwa kwa soko la nchi za Ghuba, waranti yake iko huko. Hapa ni kulipia kioo, 310,000.

Nikarudi dukani. Kijana hakuinua hata macho kwenye simu yake. Nilipomaliza kueleza akasema, watu wanasikia, "Wewe dada, ulitaka bei ya Dubai na waranti ya maduka ya Posta, Dar?" Mama mmoja niliyekuwa namuuzia samaki kila wiki alikuwa pale, akaangalia pembeni. Nikamwonyesha yule kijana risiti. Kikaratasi cha daftari, hakina IMEI ya simu, si ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, chini kimegongwa muhuri "mali ikiuzwa hairudishwi". Akakisukuma kwa kidole kimoja.

Siku ile nilitaka kila mtu wa Mtwara aachane na simu za Dubai. Hasira. Sasa nasema tofauti kidogo, kwa sababu dada yangu amenunua ya Dubai vile vile, Lindi mjini, na muuzaji wake alimwambia wazi: "Dada, kampuni hawataitambua hii hapa nchini. Mimi mwenyewe nakupa miezi sita, ikisumbua niletee mimi." Akatoa risiti ya EFD, akaandika IMEI juu yake na ahadi yake ya miezi sita, akasaini. Bei ilikuwa chini ya wakala vile vile. Kwa hiyo si Dubai iliyoniumiza. Angeniambia maneno yale mawili tu, pengine ningenunua hivyo hivyo, nikatenga hela ya kioo nikijua ninachokifanya.

Lakini kuniambia mwaka mzima huku karatasi ameshaibandua? Hapana. Mwalimu jirani yangu anasema Sheria ya Ushindani ya 2003 inamkataza muuzaji kumdanganya mlaji hivyo, nianze kwa afisa biashara wa manispaa. Nitakwenda wiki hii, na boksi langu.

Naandika haya kwa simu ile ile, mstari wa kijani unapita katikati ya maneno. Kamera bado safi, chaji inafika usiku. Ingekuwa ya mtu mwingine ningeisifu.